Mama ameenda Minova

Juma lililopita niliahidi kwamba safari hii tutaongea juu ya kupika maharagi kwa makala kidogo. Mnisamehe, maharagi yatangoja. Siku ya Jumapili nilishika kitabu kimoja mikononi mwangu, na tangu hapo sijalala vizuri.

Wengi mnamjua aliyekitengeneza. Ni yule binti mrefu wa hapa Himbi anayejifunza kuchora, anayepita asubuhi na karto kubwa chini ya kwapa, watoto wakimfuata wakitaka awachore sura. Ameniruhusu kusimulia ila hakutaka jina, basi tutamwita binti. Darasani walipewa kazi moja: kila mwanafunzi atengeneze kitabu kwa mikono yake, kuanzia kukunja karatasi hadi kushona jalada, juu ya jambo analolijua kuliko wenzake. Mmoja alifanya juu ya chukudu. Mwingine juu ya sambaza na wavuvi wa usiku. Yeye alifanya juu ya kilio cha nyumbani kwao.

Kilio hicho ninakijua, nilikaa kwenye mkeka wake. Mama mdogo wake, aliyemlea tangu akiwa na miaka saba, alikuwa mchuuzi. Alikuwa akienda Minova kununua ndizi na maharagi na kurudi kuyauza hapa mjini. Wakati ule vita ilikuwa imefunga barabara ya Sake, kila kitu kilipita majini. Tarehe 3 Oktoba 2024 alipanda ile boti. Sina haja ya kuwaeleza mengi. Ilizama ikiwa imekaribia Kituku, watu wakiwa ufukoni wanatafuta kwa macho ndugu zao waliokuwa ndani. Miili mingi ilitolewa majini, mingine haikupatikana. Wake haukupatikana.

Tulikaa kilio bila jeneza. Aliyewahi kukaa kilio cha namna hiyo anajua. Hakuna wa kuosha, hakuna wa kuvisha, hakuna kaburi la kwenda kupalilia. Wanawake wa likirimba yake walileta mchele na sabuni kama desturi, wakakaa, wakaimba, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila mtu kusema kwamba kilio kimeisha. Nyanya yake binti, yaani mama ya marehemu, alipoulizwa kama wazike hata nguo zake, alijibu neno moja tu: "Nguo si mtu." Akanyamaza.

Marehemu aliacha mtoto mwanaume. Siku ile alikuwa na miaka minne. Alizunguka kati ya miguu ya watu waliokaa, akiuliza kila mtu: "Mama iko wapi?" Sijui ni nani aliyejibu kwanza. Ila jibu likashika, na kila aliyeulizwa alilirudia: mama ameenda Minova, atakuletea ndizi. Mimi pia nililisema, wamama. Nililisema nikiwa na sahani ya wali mkononi, nikimpa apate kutulia. Alitulia kweli. Nikajiona nimefanya vizuri.

Tangu hapo ni mwaka na nusu na zaidi.

Mtoto akishaambiwa kwamba mtu amesafiri, anafanya kinachofanywa kwa msafiri: anamngoja. Huyu alingoja kwa bidii. Honi ya boti ikilia ziwani alikuwa anaacha chakula. Mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia mjini na watu wakawa wanahama kutoka nyumba hadi nyumba wakitafuta ukuta wenye nguvu, yeye alishika nguzo ya mlango akakataa kutoka. Binti alimbeba kwa nguvu huku anapiga mateke. Alikuwa analia kwamba mama akifika atakuta mlango umefungwa, atafikiri wamehama, atarudi tena Minova.

Kisha akaacha kungoja, na hapo ndipo mambo yaliharibika zaidi. Alianza kuwapiga wenzake. Akaanza tena kukojoa kitandani. Siku moja aliuliza, si kwa kulia bali kwa sauti ya mtu mzima anayedai haki yake: "Mimi nilimufanyia mama nini?"

Nimelirudia swali hilo kichwani mwangu mara nyingi. Sisi tulifikiri tunamwondolea mtoto uchungu. Tulichofanya ni kumbadilishia mama aliyekufa akimpenda kwa mama aliye hai asiyemtaka. Maana mama aliye Minova, mwenye simu, mwenye miguu, ambaye mwaka unaisha hajaja wala hajapiga, huyo amekataa mtoto wake. Ndivyo hesabu inavyotoka, hata kwa mtoto wa miaka mitano.

Basi binti alipopewa kazi ile ya darasani, alijua anamtengenezea nani.

Mwanzoni, ananiambia, alichora kama wanavyofundishwa: ziwa jeusi, mikono inatoka majini. Mwalimu wake alitazama, akamuuliza: "Huyu mama alikuwa anapenda nini?" Binti akashangaa kwamba ameshachora karatasi kumi na mbili na hakuna hata moja ambayo mtu anaweza kumtambua mama mdogo wake ndani. Zote zilikuwa ziwa. Akaziweka kando. Akaanza kuzunguka kwa watu na kaye na biki, akiuliza. Kwa wenzake wa sokoni, kwa wajomba, kwa mama mmoja wa Birere aliyesoma naye shule ya msingi. Alikusanya vitu vidogo vidogo. Kwamba marehemu alikuwa anahesabu pesa huku anaimba, na ukimkatiza anaanza wimbo upya, si hesabu. Kwamba alikuwa anaogopa mbwa lakini haogopi askari. Kwamba siku mtoto alipozaliwa mvua ilinyesha mpaka maji yakaingia ndani, na yeye akacheka.

Hapa naomba niwapeleke kidogo nje ya mji wetu, kwa sababu binti hakuwa wa kwanza, na waliomtangulia si wasanii. Ni wamama.

Miaka ya 1990, katika nchi jirani ya Uganda, UKIMWI ulikuwa unamaliza wazazi na dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida. Wanawake wenye virusi walikuwa wameunda chama chao, NACWOLA. Mmoja wa walioanzisha ni Beatrice Were, aliyefiwa na bwana wake mwaka 1991, akabaki na watoto wawili wasichana na habari kwamba yeye mwenyewe ana virusi. Katika chama hicho wamama walianza kutengeneza vitabu vya kumbukumbu. Wazo lilikuwa limejaribiwa kwanza Uingereza, katika shirika la kulea watoto la Barnardo's, lakini ni Uganda ndiko lilipopata nguvu na kuenea. Mama anachukua karatasi, anaandika kwa mkono wake, wakati bado ana nguvu ya kushika kalamu: ulizaliwa wapi na nani alikuwepo, neno lako la kwanza lilikuwa lipi, ulipenda kula nini, mimi nilikuwa mtoto wa namna gani, ukoo wetu ni upi, ndugu zako ni akina nani na wanakaa wapi, ninakutakia nini. Asiyejua kuandika alimtuma mwenzake amwandikie. Picha zilibandikwa, na asiye na picha alichora.

Mwandishi wa Sweden, Henning Mankell, aliyekaa miaka mingi Msumbiji, alikwenda Uganda kuwaona wamama hao na mwaka 2003 akatoa kitabu juu yao. Anasimulia juu ya msichana mmoja ambaye mama yake alikuwa mgonjwa. Msichana huyo alimpeleka pembeni, akamwonyesha mche wa mwembe alioupanda na kuuficha. Alitaka kuwe na kitu kinachoota.

Ninachotaka mkione ni hiki. Kazi ngumu ya vitabu vile haikuwa kuandika. Kazi ngumu ilikuwa kwamba huwezi kumwandikia mtoto kitabu cha namna ile bila kumwambia kwa nini unakiandika. Wamama wengi walikuwa wameficha ugonjwa miaka mingi, na kitabu kikawa mlango. Wakakaa na mtoto, wakafungua ukurasa wa chakula anachopenda, wakacheka, wakafika polepole kwenye ukurasa wa ugonjwa. Dawa zilipofika baadaye, wako wamama waliopona hatari na kuendelea kuishi na vitabu vyao ndani ya nyumba, watoto wakiwa tayari wanajua ukweli na dunia haijaanguka.

Sasa turudi Himbi, kwa nyanya, maana hapo ndipo kitabu cha binti kilipokwama miezi miwili.

Nyanya hakujua kusoma. Binti alimsomea ukurasa kwa ukurasa, na yeye akawa anasahihisha: hapana, haikuwa Jumanne, ilikuwa siku ya soko; hapana, aliyemfundisha kushona si mimi, ni shangazi. Walifika kwenye ukurasa wa boti. Binti alikuwa ameandika kwamba mama alikufa majini. Nyanya akaweka mkono juu ya karatasi. "Umeona maiti?" Binti akasema hapana. "Basi toa hilo neno."

Siwezi kumlaumu nyanya. Mji huu umewahi kurudisha watu tuliokwisha kuwalilia. Mwaka 2002, volkano ilipokata mji, na tena Mei 2021, wako wazazi waliotafuta watoto wao siku nyingi na wakawakuta hai upande wa Rwanda au Sake. Mama asiyeona mwili anabaki na kitu kidogo ambacho hawezi kukitupa, na hana haja ya kuaibishwa kwa ajili yake. Lakini mtoto naye alikuwa anateketea.

Walibishana juma hadi juma. Binti alikuja kulia kwangu, nami sikuwa na la kumwambia, kwa kuwa hata mimi nilikuwa mmoja wa waliosema Minova. Mwisho ni nyanya mwenyewe aliyepata njia. Asubuhi moja, akiwa anachambua sombe, alisema bila kuinua kichwa: "Umeandika alizama. Mbona hukuandika tulimutafuta?"

Ndicho kilichokuwa kinamuuma. Kwamba mtoto akikua atasoma alizama, kisha ukurasa unaofuata ni mambo mengine, kana kwamba watu wake walipangusa mikono wakaenda kula. Basi ukurasa ukaandikwa upya, nyanya akitaja na binti akiandika: majina ya wajomba waliokaa Kituku siku kumi na moja, jina la mvuvi aliyewazungusha kwa mtumbwi bila kudai pesa, majina ya waliokwenda kuangalia kwenye hospitali, moja baada ya nyingine, wakiinua shuka. Majina kumi na manne kwa jumla. Chini yake sentensi fupi: Tulimtafuta. Hatukumpata. Ziwa limebaki naye. Hatarudi, wala si kwa kupenda kwake.

Neno alilolikataa nyanya halimo, na bado ukweli wote umo.

Nikieleza kitabu kilivyo mtaona hakihitaji pesa. Karatasi ni zile za fotokopi, amezikunja katikati nnenne, akatoboa mashimo matano kwenye mkunjo na kushona kwa uzi wa nyavu za uvuvi, ule usiooza. Jalada ni karto ya boksi la biskuti, mbili zimegandishwa pamoja, zikavikwa kitenge cha marehemu. Kole alipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, uji mzito. Jalada la kwanza lilimharibikia kwa sababu uji ulikuwa mwepesi mno, karto ikalowa na kujikunja kama chapati. La pili alilikandamiza chini ya mawe siku mbili, na mawe, tumshukuru Nyiragongo, hapa kwetu hayakosi. Michoro ni ya makala ya kupikia. Makala yanachafua ukurasa wa pili, kwa hiyo kila mchoro umewekewa karatasi tupu mbele yake.

Kuna kurasa ambazo hazina herufi kabisa. Amebandika kipande cha gunia la maharagi, mkanda wa kapu la sokoni, shanga tatu za mkufu, kamba iliyofungwa fundo namna ile ile marehemu alivyokuwa anafunga mzigo. Alizifanya hivyo kwa ajili ya nyanya, asome kwa vidole. Mwalimu wao aliwahi kuwaonyesha picha ya lukasa ya Waluba wa Katanga, ule ubao wa mkononi uliopambwa shanga, ambao wenye ujuzi waligusa kwa vidole huku wakisimulia habari za wafalme na safari za ukoo. Sisi huku mara nyingi tunasema vitabu vililetwa na wamisheni. Ubao ule unafanya niwe na mashaka.

Kwa mwenye kutaka kujaribu, ushauri wangu ni mfupi. Andika vitu vidogo, maana vikubwa kila mtu atavikumbuka. Andika pia kasoro: mama asiye na kosa hata moja mtoto hamtambui. Weka majina ya ndugu wa pande zote mbili na vijiji vyao, kwa sababu mtoto yatima siku moja ataulizwa yeye ni wa nani, na kuna wajomba na mashangazi ambao kumbukumbu yao inakuwa fupi panapokuwa na kiwanja. Usimlazimishe mtoto kusikiliza. Na kitabu kisiwe kikubwa. Cha binti kinaingia ndani ya ule mfuko ambao kila nyumba ya Goma inao nyuma ya mlango, wenye kadi ya uchaguzi na diploma na vyeti vya kuzaliwa, ule tunaoushika kwanza tunapokimbia. Watu wengi hapa hawana hata picha moja ya wazazi wao kwa sababu picha zilibaki ndani ya nyumba mwaka 2002.

Sasa Jumapili. Waliniita, nadhani kwa sababu binti alijua nina deni. Tulikaa uani, nyanya kwenye kiti, mtoto kati ya miguu yake. Binti alisoma. Mtoto hakuonyesha kusikiliza, alikuwa anachezea kitenge cha jalada, anakipeleka puani. "Hii ni ya mama," akasema. Alicheka kwenye ukurasa wa mbwa. Walipofika kwenye boti, binti akasoma taratibu, na majina yote kumi na manne. Kukawa kimya. Mtoto akauliza:

"Yaya, maji ilikuwa baridi?"

Binti akasema hajui. Nyanya akasema, "Ilikuwa mchana. Jua lilikuwa linawaka."

Mtoto akafikiri. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama sawasawa. "Wewe ulisema Minova."

Nikamwambia ndiyo, nilisema. Nikamwambia nilisema uongo, kwa sababu niliogopa, na kwamba nilikosa. Sijawahi kumwomba mtoto wa miaka sita msamaha kwa namna ile, wala sikujua kwamba magoti yanaweza kutetemeka kwa sababu hiyo. Hakusema amenisamehe. Aliuliza kama kuna chai imebaki.

Mwishoni mwa kitabu binti aliacha kurasa nane tupu. Nimesikia kwamba Jumatatu mtoto alidai biki, akachora kwenye ya kwanza mduara wenye miguu miwili mirefu na kitu kichwani. Nyanya anasema ni kapu. Mtoto mwenyewe anasema ni ndizi, na kwamba hakuna kugusa.

Jumamosi hii, baada ya mkutano wa likirimba, binti atakaa nasi kuonyesha namna ya kukunja na kushona. Njoo na karto ya boksi lolote, kipande cha kitenge, na karatasi kumi. Mwenye sindano ya kushonea magunia aje nayo, maana zilizopo ni mbili tu. Unga wa muhogo nitautoa mimi.